Eafoni ya Kispika Kimoja au ya Vispika Vingi: Namna ya Kuamua Kabla ya Kulipa

Katika maduka ya vifaa vya simu ya Darajani na Mlandege, hapa Unguja, eafoni za waya zimeanza kuuzwa kwa hesabu ya vispika vilivyomo ndani yake. Boksi moja huandikwa vinne, jingine vinane, jingine kumi na sita, na hesabu hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya muuzaji: "Chukua hii, bwana, hiyo uliyoishika ina spika moja tu." Mnunuzi ambaye fedha zake zinatosha kitu kimoja, na ambaye hana kipimo kingine cha kushindania, huona haya kubakia na kile chenye kimoja. Mwongozo huu ni kwa ajili yake. Unaeleza kwa nini vispika huongezwa, kwa nini mara nyingi nyongeza hiyo haimfaidishi msikilizaji, na namna ya kuipima eafoni kwa masikio yako mwenyewe ukiwa bado dukani. Msimamo wangu niueleze mapema: idadi ya vispika inaonyesha njia aliyoichagua mbunifu wa eafoni, lakini haionyeshi kama njia hiyo imemfikisha.

Vispika hivyo ni vitu gani

Kispika, ambacho viwandani huitwa draiva, ni kile kijisehemu kinachogeuza umeme unaotoka katika simu kuwa mtikisiko wa hewa. Aina zinazopatikana kwa wingi ni mbili, na inafaa kuzitofautisha kwa sababu hesabu za kwenye boksi huzichanganya. Aina ya kwanza huandikwa DD. Ni utando mwembamba wa duara, kwa kawaida wenye kipenyo cha milimita 6 hadi 12, uliobandikwa koili ya waya iliyokaa ndani ya nguvu ya sumaku; umeme unapopita, koili huenda mbele na kurudi nyuma, na utando husukuma na kuvuta hewa pamoja nayo. Karibu kila eafoni ya bei nafuu ina kispika kimoja cha aina hii kila upande.

Aina ya pili huandikwa BA. Ni kijisanduku cha chuma chenye urefu wa milimita chache, na ndani yake mna ulimi wa chuma uliopita katikati ya koili na katikati ya sumaku mbili. Ulimi ukitikisika, huutikisa utando mdogo kwa kijiti chembamba. Muundo huu uliendelezwa katika simu za zamani na katika vifaa vya kuwasaidia wenye matatizo ya kusikia, ambako udogo na matumizi madogo ya betri ni mambo ya lazima. Una wepesi mkubwa katika sauti za kati, lakini mwendo wa ulimi ni mfupi, kwa hiyo kijisanduku kimoja hupata taabu kutoa kwa pamoja, na kwa nguvu, besi nzito na zile sauti nyembamba za juu kabisa. Hapo ndipo hesabu ilipoanzia: kimoja kikapewa besi, kingine sauti za kati, kingine sauti nyembamba, kisha kazi moja ikaweza kupewa hata viwili. Eafoni inayotumia DD kwa ajili ya besi na BA kwa sauti nyingine ni chotara, na zilizo nyingi kati ya zile za vispika vingi tunazoletewa ni za namna hiyo. Zipo pia za utando bapa uliochorewa njia za umeme juu yake, ila hazibadili hoja.

Kwa nini spika za ukumbini haziwezi kuwa kipimo

Imani kwamba vingi ndivyo bora ina chanzo chake. Anayetazama spika za harusini huona kispika kikubwa cha besi chini na kidogo cha sauti nyembamba juu, na huko vyote viwili vinahitajika kweli. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na kuujaza ukumbi mzima kwa wimbi la namna hiyo kunataka utando mpana wenye mwendo mrefu. Sauti ya mitetemo 20,000, ambao ndio ukomo wa juu wa sikio la kijana mwenye afya, ina wimbi la milimita 17 tu. Utando mpana ukiitoa, huipeleka mbele moja kwa moja, na aliyekaa pembeni haipati.

Sikioni hali ni nyingine kabisa. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na eafoni ikiziba vizuri, hewa inayobakia kati yake na kiwambo cha sikio ni chache mno. Hewa iliyofungiwa kwa kiasi hicho hutikisika kwa mwendo mdogo sana wa utando, hata kwa besi ya chini kabisa, na hakuna msikilizaji wa pembeni wa kuikosa sauti nyembamba. Sababu mbili kubwa zinazozilazimisha spika za ukumbini ziwe na vispika vya ukubwa mbalimbali hazimo sikioni, na kwa hiyo kispika kimoja kilichotengenezwa kwa uangalifu kinaweza kuubeba muziki wote.

Ushahidi wa jambo hili umekuwapo sokoni kwa miaka mingi. Kampuni ya Etymotic ya Marekani ilitoa eafoni yake ya ER-4 mwaka 1991, ikiwa na BA moja tu kila upande, na hadi leo wapo wanaoitumia kuwa rejea ya usahihi wa sauti. Sennheiser ya Ujerumani ilipotoa IE 900 mwaka 2021, kwa bei iliyokaribia dola 1,300, iliweka ndani yake DD moja ya milimita 7. Ukishuka hadi bei ya chini kabisa utaikuta Chu ya kampuni ya Moondrop ya China, yenye DD moja ya milimita 10 na bei ya dola 20 hivi, ambayo ilisifiwa na watu waliokwisha kusikia eafoni za bei mara nyingi zaidi. Tofauti baina ya hizo mbili za mwisho iko katika utando, sumaku, njia za hewa na usahihi wa kufananisha kushoto na kulia. Katika hesabu ya vispika zinalingana.

Kuna pia utafiti uliofanywa na Sean Olive pamoja na wenzake katika kampuni ya Harman, ambao umeonyesha kuwa wasikilizaji waipende eafoni au wasiipende ni jambo linalotabirika kwa kiasi kikubwa kutokana na mizani ya sauti zake: besi ni kiasi gani ikilinganishwa na sauti za kati, na sauti za kati ni kiasi gani zikilinganishwa na zile nyembamba. Mizani hiyo inaweza kufikiwa kwa kispika kimoja au kwa vinane, na inaweza kukoswa kwa vyote.

Gharama ya kuviunganisha

Vispika vikiwa vingi, umeme lazima ugawanywe ili kila kimoja kipate sehemu yake tu, na kazi hiyo hufanywa na krosova, yaani kapasita na rezista ndogo zilizofungwa ndani ya ganda la eafoni, zikisaidiwa na mirija na vichujio vya kuzuia sauti isiyotakiwa. Ugumu uko mpakani. Pale kispika kimoja kinapomwachia mwenzake, kwa masafa fulani, yaani kwa idadi fulani ya mitetemo kwa sekunde, vyote viwili hulia pamoja, na visipokwenda kwa wakati mmoja, kimoja husukuma hewa huku kingine kikiivuta. Sauti za hapo hupungua, na msikilizaji hupata shimo katikati ya wimbo bila ya kujua ni kitu gani kilichopotea. Vikizidiana kwa namna nyingine, hutokea kivimbe, na sauti moja ya mwimbaji hupiga kelele kuliko jirani zake. Wapiga fidla sita wasiofanya mazoezi pamoja hawamshindi mmoja anayeijua kazi yake, na kila kispika kinachoongezwa huongeza mpaka au huongeza mtu wa kufanyishwa mazoezi.

Mbunifu makini huutumia muda wake hapo. Shure SE846, iliyotoka mwaka 2013, ina BA nne kila upande: mbili za besi, moja ya sauti za kati na moja ya sauti nyembamba. Lakini kilichoipa jina ni mabamba 10 ya chuma yaliyobandikwa pamoja na kutengenezewa njia ndefu ndani yake, ambayo sauti ya vispika vya besi huipitia ili kila kilicho juu ya besi kichujwe humo kabla ya kufika sikioni. Kazi ya namna hiyo ina gharama. Eafoni inayouzwa kwa bei ya chakula cha watu wawili Forodhani na ikadai vispika vinane imelazimika kuokoa fedha mahali fulani, na mahali rahisi pa kuokoa ni krosova, kwa sababu haionekani na haiandikwi kwenye boksi. Mara nyingi utakuta DD moja inayofanya karibu kazi yote, na BA mbili zilizowekwa kwenye mdomo wa eafoni ili kuongeza makali ya juu; mtu huusikia ukali huo kwa dakika tano na kuuita uwazi, kisha baada ya saa moja kichwa humuuma.

Hesabu yenyewe, zaidi ya hayo, huhesabiwa kwa namna ya kupendeza. Namba iliyo katika jina au kwenye boksi huenda ikawa ni ya masikio mawili kwa pamoja. ZS10 ya kampuni ya KZ, kwa mfano, ina vispika vitano kila upande, na AS16 ya kampuni hiyo hiyo ina vinane kila upande. Ukitaka kulinganisha eafoni mbili kwa hesabu, hata kama hesabu si hoja, kwanza hakikisha zote zimehesabiwa kwa sikio moja.

Namna ya kupima dukani

Nenda na simu yako mwenyewe, ikiwa na nyimbo unazozijua kwa moyo na zilizopakuliwa kwa ubora wa juu, na mwombe mwenye duka eafoni ya majaribio. Maduka mengine hukataa kwa sababu ya usafi, na wana haki. Kipande cha pamba chenye spiriti humaliza ubishi huo. Duka lisilokubali kabisa kitu kijaribiwe halistahili kuuza kitu cha bei kubwa.

Kabla ya kuihukumu sauti, hakikisha eafoni imeziba. Nyingi huja na vipira laini vya ukubwa wa aina tatu, na dukani huachwa vile vya kati kwa kila mteja. Jaribu vyote, na usishangae ukikuta sikio la kulia linataka kikubwa na la kushoto linataka cha kati. Pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, uvute sikio la kulia juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza eafoni kwa mkono wa kulia, kisha uliachie sikio lijirudie. Ikiziba, kelele za barabarani zitashuka ghafla, na ukisema neno utajisikia ukivuma kichwani. Isipoziba, besi itapotea, kwa sababu ile hewa chache iliyotakiwa kusukumwa imepata pa kutokea, na hakuna idadi ya vispika itakayoirudisha. Eafoni nyingi zinazolaumiwa kuwa hazina besi zina kosa la vipira tu, na ningemshauri mtu atumie fedha kidogo kununua vipira vya sponji kabla ya kuamua kubadilisha eafoni nzima.

Jambo la pili ni kulinganisha nguvu za sauti. Masikio yetu hukiona chenye sauti kubwa kuwa ndicho kizuri, hata tofauti ikiwa ni ya desibeli moja au mbili tu, na eafoni zenye BA nyingi mara nyingi hulia kwa nguvu zaidi kwa umeme ule ule. Ukichomoa moja na kuchomeka nyingine bila ya kugusa sauti ya simu, ile yenye nguvu itashinda kabla ya shindano kuanza, na muuzaji hatakuwa amesema uongo wowote. Kwa hiyo, kila unapobadilisha, ishushe ile iliyo kubwa mpaka sauti ya mwimbaji isikike sawasawa na ya ile nyingine, ndipo usikilize tofauti.

Kisha kifuate kile cha kusikiliza, na hapa sisi wa visiwani tuna hazina. Rekodi nzuri ya kidumbak, ule muziki wetu wa ngoma ndogo na fidla, inatosha kuwa maabara. Anza na sanduku, ile besi ya waya mmoja: kila mvuto unapaswa kuwa na noti yake, yenye mwanzo na mwisho, na usiwe mngurumo mmoja unaorudiarudia. Halafu ifuate fidla peke yake. Waya wake wa chini kabisa hulia kwa mitetemo 196 kwa sekunde, na mpigaji anapopanda hadi juu hupita katika masafa ambamo eafoni nyingi za vispika vingi zina mpaka mmoja au zaidi. Fidla lazima ibakie ile ile kutoka chini hadi juu. Ukihisi kwamba ilipofika mahali fulani imekuwa nyembamba ghafla, au imesogea mbele, au imekuwa kama chombo kingine, umekutana na krosova mbovu. Cherewa, zile ala za kutikiswa, nazo zisikike zikimwagika pembeni bila ya kukata masikio. Kwa taarab ya okestra, sikiliza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikishuka kwa haraka, kwa sababu noti zake zikichanganyikana ndipo utakapojua kwamba sauti za kati zimezidiwa na besi.

Kipimo changu kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, ni sauti ya mtu mmoja isiyo na ala, na iliyo bora ni ya msomaji wa Kurani ambaye umeizoea sauti yake. Chagua pembe tulivu na usikilize herufi. Makali ya sin na shin hukaa juu, kwenye mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde. Eafoni iliyoongezewa makali huzifanya zichome. Tofauti ya sin na sad, kwa upande mwingine, hubebwa kwa kiasi kikubwa na irabu iliyo jirani yake, ambayo baada ya sad huwa nzito, na uzito huo unakaa katika sauti za kati. Ukiwa na eafoni ambayo sad yake inakaribia kuwa sin, jua kwamba sauti za kati zimetobolewa, hata kama besi yake inatikisa taya. Aliyepita chuo cha Kurani utotoni hahitaji mashine ya kumwonyesha hilo.

Anayetaka uthibitisho zaidi apakue programu ya bure inayotoa sauti moja inayopanda, aiweke katika sauti ndogo, na aipandishe polepole kutoka mitetemo 100 hadi 10,000. Sauti itaonekana kuzidi kidogo karibu na 3,000, kwa kuwa hapo ndipo sikio la binadamu lina wepesi zaidi, na kivimbe cha karibu na 8,000 kinaweza kuwa kimetokana na kina ulichoiingiza eafoni. Usiyahukumu hayo. Tafuta shimo la ghafla, mruko, au mahali ambapo sauti inahama kutoka katikati ya kichwa kwenda upande mmoja. Hiyo ya mwisho ina maana kwamba vispika vya kushoto na vya kulia havilingani.

Simu na rekodi nazo zina neno

Kuna hasara moja ya vispika vingi ambayo muuzaji hawezi kuijua, kwa sababu hutegemea simu ya mnunuzi. Ukinzani wa eafoni ya DD moja, unaopimwa kwa omu, hukaribia kuwa mmoja katika masafa yote. Ule wa eafoni yenye BA nyingi na krosova hupanda na kushuka sana. Ikichomekwa kwenye kifaa ambacho chenyewe kina ukinzani mkubwa katika tundu lake, umeme hugawanyika kwa uwiano tofauti katika kila masafa, na mizani ya sauti hubadilika. Eafoni iliyosifiwa na jirani yako inakuwa nyingine mkononi mwako. Kanuni inayotumiwa ni kwamba ukinzani wa kifaa usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa eafoni. Simu nyingi za sasa hazina tundu la eafoni, na mtu hununua adapta ya USB-C ya bei ya chini kabisa. Kwa eafoni ya DD haina neno sana, kwa ya BA sita inaweza kuharibu kila kitu. Jaribu eafoni kwa adapta ile ile utakayoitumia.

Kwa eafoni zisizo na waya, hesabu ina maana ndogo zaidi. Ndani yake mna chipu inayorekebisha mizani kabla ya sauti kufika kwenye kispika, kwa hiyo DD moja iliyorekebishwa vizuri hufika mbali, na fedha ni bora zitazame betri na ubora wa maikrofoni.

Rekodi nayo isisahauliwe. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na teknolojia ya wakati ule haikuzishika sauti nyembamba za juu kabisa. Ukisikiliza nakala za sahani hizo, kispika maalumu cha sauti nyembamba hakitakuwa na kazi isipokuwa kukukuzia mikwaruzo. Wimbo uliotolewa kwenye video iliyopita katika WhatsApp mara tano una ufukara wa namna yake.

Lini vispika vingi vinafaa

Zipo hali ambazo ningevichagua bila ya kusita. Ya kwanza ni ya mwanamuziki wa jukwaani. Kampuni ya Ultimate Ears, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilitokana na kazi ya fundi sauti Jerry Harvey kwa mpiga ngoma Alex Van Halen, aliyehitaji kujisikia katikati ya kelele kubwa za jukwaa. Sauti iligawanywa kwa vispika viwili ili kila kimoja kisilemewe. Anayepiga Ngome Kongwe siku za Sauti za Busara ana haja hiyo hiyo: sauti kubwa isiyopasuka, na wepesi wa kuichagua ala yake kati ya nyingine zote.

Ya pili ni ya msafiri. Vispika vya BA havihitaji kitundu cha kupumulia, ambapo DD nyingi huwa nacho, kwa hiyo eafoni yenye BA tupu inaweza kuzuia kelele za nje vizuri zaidi. Kwa mtu anayepanda boti ya Dar es Salaam kila wiki na kukaa karibu na injini, faida hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya ladha ya sauti, na ina uhusiano na afya pia: kelele za nje zikipungua, huna sababu ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na injini ya boti humfanya mtu akivuke bila ya kujua.

Ya tatu ni ya mwenye fedha za kutosha kununua eafoni ambayo kazi ya krosova imelipiwa, na ambaye ameijaribu na kuridhika. Nje ya hali hizo tatu, hasa kwa anayetumia kiasi kidogo, ningechukua DD moja kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, na kama besi imezidi au makali yamepungua, ningerekebisha kwa ikwalaiza ya simu, yaani programu ya kupandisha na kushusha besi na makali. Ikwalaiza huirekebisha mizani vizuri sana kwenye kispika kimoja; shimo lililotokana na vispika viwili kupingana haiwezi kulijaza.

Ukishainunua

Chagua yenye waya unaochomoka, ama wa pini mbili za milimita 0.78 ama wa kile kichwa cha duara kinachoandikwa MMCX. Waya ndio unaokatika mwanzo, na hewa yetu ya chumvi na jasho haziwi na huruma na pini. Fundi wa simu anaweza kukuuzia waya mwingine, lakini hakuna fundi wa mtaani atakayekubadilishia BA iliyokufa. Futa pini na mdomo wa eafoni kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na uzihifadhi pamoja na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kilichokuja katika boksi. Nta ya masikio ikiingia katika mrija wa BA huziba sauti nyembamba kidogo kidogo, kwa hiyo safisha kile kiwavu cha mdomoni kwa brashi laini, ukiielekeza eafoni chini ili uchafu udondoke nje.

Wiki ya kwanza, wakati duka bado linakubali kurudishiwa, ipige tena ile sauti inayopanda, sikio moja baada ya jingine. Eafoni ya DD moja ikifa hunyamaza, na kila mtu hujua. Ile ya vispika vingi ikifa kimoja huendelea kuimba, na mwenye nayo anaweza kukaa miezi akidhani ndivyo ilivyo. Dalili pekee ni kwamba kuanzia mtetemo fulani upande mmoja unafifia na mwingine unaendelea. Ukiikuta dalili hiyo, irudishe pamoja na boksi na risiti, na mwombe mwenye duka asikilize mwenyewe pale pale.